Radegunde, Binti wa Thuringia

Katika majina ya kale ya wanawake wa Kijerumani limo jina Radegunde. Limeungwa kwa maneno mawili: la kwanza maana yake ni shauri, la pili ni vita. Leo twataka kuwasimulia habari za malkia aliyelichukua jina hilo, tuone ni neno lipi lililomshinda mwenziwe.

Radegunde alizaliwa yapata mwaka 520 katika nchi ya Thuringia. Baba yake, mfalme Berthachar, aliuawa na ndugu yake mwenyewe, Hermanfrid. Na mtoto akalelewa nyumbani mwa yule aliyemwaga damu ya babaye. Mwaka 531 Wafranki wakaipiga Thuringia, wakaishinda. Mfalme wao Chlothar akamchukua Radegunde na nduguye kuwa mateka, akamweka Athies, katika nchi iitwayo leo Ufaransa. Huko alifundishwa kusoma na mambo ya imani. Alipokua, Chlothar akamwoa pasipo hiari yake.

Basi akawa malkia, lakini moyo wake ulikuwa kwa maskini na wagonjwa. Kisha Chlothar akamwua nduguye. Hapo Radegunde angaliweza kutafuta kisasi, kama ilivyokuwa desturi ya wafalme wa siku zile. Vita vilikuwamo hata katika jina lake. Hakufanya hivyo. Alimwacha mfalme, akaenda kwa askofu Médard wa Noyon, akaomba awekwe kuwa mtumishi wa Kanisa. Askofu alisita, maana wakuu wa mfalme walimzuia. Radegunde akajivika mwenyewe vazi la utawa, akasimama mbele yake. Ndipo askofu akamwekea mikono awe shemasi.

Baadaye alijenga nyumba ya watawa wanawake mjini Poitiers. Hakutaka kuwa mkuu wake. Alimweka Agnes, naye mwenyewe akafagia, akapika, akawahudumia wagonjwa. Kila aliposikia kwamba wafalme wataka kupigana, aliwaandikia barua akiwasihi wapatane. Alifariki tarehe 13 Agosti 587, na askofu Gregory wa Tours akaja kumzika.

Twaona basi ya kuwa shauri lilivishinda vita. Jina mtu hupewa na wazazi wake angali mchanga, wala hakuulizwa; bali maana yake huonekana katika mwenendo wake. Nanyi mwandikao majina ya watoto katika kitabu cha ubatizo, wakumbusheni wazazi neno hili.