Homer Smith, mtaalamu wa figo aliyemfuata kamongo Ziwa Victoria

Kamongo, samaki anayejulikana na kila mchuuzi wa kando ya Ziwa Victoria, ndiye aliyemleta Mmarekani Homer Smith Afrika Mashariki mwaka 1928. Hakuja kumla. Alitaka kujua samaki huyo anaishije miezi mingi bila maji.

Smith alizaliwa Denver mwaka 1895, na mwaka huohuo wa safari alianza kufundisha Chuo Kikuu cha New York. Alichokikuta kwa kamongo kilimshangaza. Maji yakikauka, samaki hujichimbia topeni, huvuta hewa, na hakojoi kabisa. Taka za mwili hugeuka urea, zikarundikana ndani yake hadi mvua irudi. Binadamu akikaa hivyo siku chache tu, ni mauti. Basi figo inachuja kiasi gani, na mtu atajuaje imeanza kuchoka?

Jibu walilipata yeye na mwenzake James Shannon miaka ya 1930, kwa inulini, aina ya wanga inayotoka kwenye viazi vya maua ya dahlia (si insulini ya wagonjwa wa kisukari). Ikitiwa mshipani, inulini hupita kwenye chujio la figo na kutoka yote kwa mkojo. Hairudi kwenye damu wala haiongezwi njiani. Hapo hesabu ni ya dukani. Ikiwa kila mililita ya maji ya damu ina miligramu 1, na mkojo wa dakika moja una miligramu 120, figo zimechuja mililita 120. Kwa siku ni zaidi ya lita 170, na karibu zote hurudishwa mwilini.

Kipimo hicho ni sahihi lakini kina usumbufu mwingi. Ndiyo maana leo zahanati hupima kreatinini, taka ya misuli iliyomo kwenye damu, kisha hukadiria uchujaji kwa kuzingatia umri na jinsia. Shannon mwenyewe alionyesha kwamba figo huongeza kreatinini kidogo kwenye mkojo, kwa hiyo hailingani na inulini. Isitoshe, mpagazi mwenye misuli minene anaweza kuonekana mgonjwa kumbe mzima, na mzee aliyekonda akaonekana mzima kumbe figo zimelegea. Namba iliyo chini ya 60 huhesabiwa ugonjwa sugu ikidumu miezi 3 au zaidi. Karatasi moja, iliyochukuliwa baada ya safari ya jua kali bila maji, haitoshi, ingawa si ya kutupa: hurudiwa, na mkojo hupimwa protini.

Smith aliandika kitabu kikubwa kuhusu figo mwaka 1951, akafariki 1962 akiwa na miaka 67. Kitabu chake kingine, cha 1932, alikiita kwa jina la Kijaluo alilolisikia ziwani: Kamongo.