Paul Douglas: Profesa aliyekuwa kurutu akiwa na miaka 50

WENGI wakitimiza umri wa miaka 50 huanza kuwazia kustaafu. Paul Howard Douglas, aliyezaliwa Marekani mwaka wa 1892, katika umri huo alijiunga na jeshi.

Alikuwa profesa wa uchumi katika Chuo Kikuu cha Chicago na diwani wa jiji hilo. Aidha, alikuwa muumini wa Quaker, madhehebu yanayopinga vita na yenye wafuasi wengi magharibi mwa Kenya. Hata hivyo, kuenea kwa ufashisti barani Ulaya kulimbadilisha msimamo.

Mnamo Mei 1942, muda mfupi baada ya kushindwa katika mchujo wa useneta, aliingia kikosi cha Marines akiwa askari wa cheo cha chini kabisa. Umri na macho yake mabovu havikumzuia, kwani Waziri wa Jeshi la Majini, Frank Knox, alimsaidia kupata kibali.

Katika kambi ya Parris Island, South Carolina, msomi huyo alifunzwa pamoja na vijana wa rika la wanafunzi wake, akitii amri za wakufunzi aliowazidi umri. Mwili ulidai mazoezi. Nafsi ilidai asahau uprofesa. Alihitimu.

Alijeruhiwa Peleliu mwaka wa 1944, kisha Okinawa mwaka wa 1945, ambako mkono wake wa kushoto ulilemaa. Alichaguliwa seneta mwaka wa 1948, akahudumu hadi 1967. Alifariki mwaka wa 1976. Kituo cha wageni kambini Parris Island kilipewa jina lake.