Kenneth Smithburn na virusi vinavyosafiri na ndege

Msikilizaji wetu, mfugaji anayechanja mifugo dhidi ya homa ya Bonde la Ufa huenda amesikia jina Smithburn likitajwa kwenye chanjo. Hilo ni jina la mtu, na leo tunaeleza alikuwa nani.

Kenneth Smithburn alikuwa daktari Mmarekani aliyefanya kazi chini ya Wakfu wa Rockefeller. Alikuja Entebbe, Uganda, katika taasisi iliyoanzishwa mwaka 1936 kuchunguza homa ya manjano.

Mwaka 1937 ilichukuliwa damu ya mama mmoja wa Omogo, wilaya ya West Nile, aliyekuwa na homa. Panya waliodungwa damu hiyo maabara waliugua ubongo. Haikuwa homa ya manjano. Smithburn na wenzake walikuwa wamepata virusi vigeni kabisa, wakavipa jina la wilaya hiyo.

Walivipata kwa binadamu, lakini makao yake ni kwingine. Miaka ya 1950 watafiti nchini Misri walionyesha kuwa ndege wa mwituni, wakiwemo kunguru, huambukizwa sana. Mbu, hasa wa jamii ya Culex wanaouma usiku, hunyonya damu ya ndege mgonjwa, kisha humuuma ndege mwingine. Ndani ya ndege virusi huzaana kwa wingi. Kwa mtu au farasi huzaana kidogo tu, kwa hiyo mbu hawezi kuvichukua tena. Mama wa Omogo alikuwa mwisho wa njia.

Virusi vinapozaana hubadilika kidogo kidogo. Ndege wanaohama huvipeleka mbali, vikakutana na mbu na ndege wengine, na baada ya muda hugawanyika koo. Ukoo mmoja ulijulikana zaidi Afrika kusini mwa Sahara, hadi mwaka 2004 ulipogunduliwa kwa ndege wa jamii ya mwewe nchini Hungary. Ukoo mwingine uliibuka New York mwaka 1999. Kunguru walikufa kwa wingi, na watu 7 wakapoteza maisha.

Smithburn aliendelea na kazi Entebbe. Virusi vya homa ya Bonde la Ufa vilivyotoka kwa mbu wa msitu wa Semliki alivipitisha kwenye panya mara nyingi mpaka vikapungua makali, ndipo ikapatikana chanjo ya mifugo. Mnyama mwenye mimba anaweza kuharibu mimba akichanjwa chanjo hiyo, hivyo mweleze daktari wa mifugo mapema. Baadaye Smithburn alifanya utafiti Afrika Kusini.

Virusi vya West Nile havina chanjo ya binadamu hadi sasa. Tulale ndani ya chandarua na tumwage maji yaliyotuama karibu na nyumba. Ukiona ndege wengi wamekufa, usiwashike kwa mikono mitupu. Mjulishe afisa mifugo wa eneo lako.