Habib Saleh, wangwana na vitabu vya wakfu

Katika Kiswahili cha zamani cha pwani neno chuo lilibeba maana mbili kwa pamoja: kitabu, na mahali pa kusomea. Mwanachuoni alikuwa mtu wa vitabu na pia mtu wa mahali hapo. Kwetu Bunia neno limefika na maana moja tu, ile ya shule, na nyumba ya vitabu tunaiita biblioteki kwa kufuata Kifaransa. Naanza na neno hili kwa sababu mtu ninayetaka kusimulia maisha yake hakuzitenganisha maana hizo mbili. Jina lake ni Saleh bin Alawi Jamalullail, na watu wa Lamu humtaja kwa heshima kama Habib Saleh.

Alizaliwa Ngazidja, kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Komoro, katikati ya karne ya 19. Ukoo wake ni wa masharifu, watu wanaohesabu nasaba yao hadi kwa Mtume Muhammad, na asili yao ni Hadhramaut, nchi kavu yenye mabonde iliyo katika Yemen ya leo. Kutoka huko masharifu walisafiri kwa majahazi kwa karne nyingi, wakaoa Pate, Lamu, Ngazidja na Unguja, wakazaa watoto waliolelewa kwa Kiswahili na Kingazidja. Jamaa zake kadhaa walikuwa wameshatangulia Lamu. Kwa hiyo alipofika huko akiwa kijana hakuwa mgeni asiyejulikana. Alikuwa na jina, alikuwa na nyumba za kufikia, na kama angetaka maisha ya raha angeyapata.

Lamu ya wakati huo ilikuwa miji miwili ndani ya mmoja. Upande wa kaskazini ni Mkomani, penye nyumba za mawe ya matumbawe, milango ya nakshi na koo kongwe. Upande wa kusini ni Langoni, na huko walikaa wageni, wavuvi, Wahadhrami maskini waliokuja kutafuta riziki, watumwa, na watu walioachwa huru. Wengi wao walijenga vibanda vya udongo na makuti. Watu wa Mkomani walijiita wangwana, au waungwana kama tunavyoandika katika Kiswahili sanifu. Kuwa mngwana Lamu kulitaka ukoo, nyumba, adabu ya kusema na adabu ya kunyamaza, na pia elimu. Mtumwa alifundishwa kiasi cha kumwezesha kuswali, basi. Elimu ya ndani zaidi haikuwa yake.

Niseme kidogo juu ya elimu hiyo, maana bila kuielewa maisha ya Habib Saleh yatakuwa hadithi ya mtu mwema tu. Wanazuoni waligawa ujuzi wa dini katika pande mbili, dhahiri na batini. Dhahiri ni neno tunalolitumia hata sokoni bila kufikiri. Batini limebaki vitabuni. Mzizi wake katika Kiarabu ni uleule wa neno la tumbo, yaani kilicho ndani na hakionekani. Katika upande wa dhahiri kuna sheria, sarufi, mirathi, hukumu za ndoa na biashara. Katika upande wa batini kuna kazi ya kusafisha moyo, dhikiri, nyiradi za asubuhi na jioni, tafakuri juu ya majina ya Mungu, na mashairi ya masufi ambayo maneno yake yana maana moja kwa msikilizaji wa kawaida na nyingine kwa aliyefundwa. Pembeni yake walikaa jamaa wa mbali kidogo: elimu ya falaki, tiba, na maombi ya kinga. Vitabu vya fani hizi vilinakiliwa kwa mkono. Vilikuwa vichache na ghali, na vilikaa katika nyumba za koo zenye wanazuoni, vikirithiwa kutoka baba hadi mwana. Aliyetaka kuvisoma alipaswa kwanza kukubalika ndani ya nyumba.

Mimi sioni ubaya katika tahadhari. Elimu ya roho bila mwalimu imewavuruga watu wengi, na hapa Ituri tumewaona. Lakini Lamu tahadhari ya mwalimu na kiburi cha ukoo vilikuwa vimesokotwa kamba moja, na ilikuwa vigumu kujua mtu anakukatalia kitabu kwa sababu gani.

Habib Saleh alisoma kwa wanazuoni wa mji huo, akaingia katika tarika ya Alawiyya, njia ya kisufi ya masharifu wa Hadhramaut. Baada ya hapo akafanya jambo ambalo kwa mtu wa ukoo wake lilikuwa kama kujishusha: alikwenda kuishi upande wa kusini, miongoni mwa watu wa makuti. Anakumbukwa kama mtabibu aliyewashughulikia wagonjwa ambao hakuna aliyewajali, na kama mwalimu aliyekaa chini na watumwa akawafundisha yale waliyofundishwa watoto wa wangwana. Nataka msomaji atazame mpangilio wa mambo hapa. Utumwa ulikuwa bado halali. Pwani ya Kenya hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa mwaka 1907, na yeye alikuwa ameanza kufundisha kabla ya sheria hiyo. Serikali ya Kiingereza ilipowatangazia watu hawa uhuru wao, tayari walikuwapo baadhi yao walioweza kufungua kitabu na kukisoma.

Wazee wa Mkomani hawakufurahi. Ugomvi mkubwa uliokumbukwa haukuwa juu ya vitabu bali juu ya ngoma, na nadhani hiyo si ajabu, kwa sababu ngoma husikika mbali. Desturi ya wangwana ilikuwa kusoma maulidi ya Barzanji kwa utulivu. Habib Saleh alipokea maulidi mengine, yaliyotungwa na Ali bin Muhammad al-Habshi wa Seiyun huko Hadhramaut, sheikh aliyefariki mwaka 1915 na ambaye Habib Saleh alimhesabu kuwa kiongozi wake wa roho. Maulidi hayo yalisomwa kwa matari, kwa sauti za pamoja, na kwa miili inayoyumba. Watumwa na watoto wao walikuwa na ngoma zao tangu zamani. Sasa zikaingia katika ibada. Walioona kuwa ni uzushi walisema hivyo waziwazi, na hata leo wapo wanazuoni wa pwani wanaoshikilia msimamo huo. Mimi si Mwislamu, wala sina haki ya kuamua kesi hiyo. Ninachoona kama mwanafunzi wa lugha ni kwamba matari yalifanya kazi ya tafsiri. Mtu asiyejua Kiarabu, ambaye batini ya vitabu ingemchukua miaka kumi kuikaribia, aliingia ndani yake kwa sikio na kwa bega usiku mmoja.

Kati ya mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20 ulijengwa Msikiti Riyadha, upande huohuo wa Langoni, juu kidogo penye mchanga. Jina lake, lenye maana ya bustani, lilitoka kwa taasisi ya al-Habshi kule Seiyun. Msikiti ukawa chuo kwa maana zake zote mbili. Wanafunzi walikuja, wakalala hapo, wakala hapo, wakasoma sheria na sarufi mchana na nyiradi alfajiri. Na vitabu vikaanza kuja.

Hapa ndipo maisha ya mtu huyu yananigusa zaidi. Vingi kati ya vitabu hivyo viliandikwa kuwa wakfu. Mtu akishaandika katika ukurasa wa mwanzo kwamba kitabu ni wakfu kwa wanafunzi wa mahali fulani, kitabu hicho hakiuzwi tena, hakitolewi zawadi, na wanawe hawakirithi. Mistari miwili mitatu ya wino inakitoa kitabu katika ukoo na kukitia katika mikono ya watu ambao mwenye kutoa hatawajua majina. Kwa mji ambao elimu yake ilikuwa imehifadhiwa kwa njia ya urithi, hayo yalikuwa mapinduzi yasiyo na kelele. Matari yaligombewa, lakini nafikiri wakfu ndiyo uliobadilisha mambo kwa muda mrefu zaidi.

Mkusanyo wa Riyadha upo mpaka leo. Ndani yake kuna misahafu, vitabu vya sheria ya Kishafii, sarufi ya Kiarabu, mashairi na sala za kisufi, hata maandishi ya Kiswahili kwa hati za Kiarabu. Baadhi yalinakiliwa palepale pwani, mengine yalivuka bahari kutoka Hadhramaut. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 hati hizo zilipigwa picha za kidijitali chini ya mpango wa British Library wa kuokoa kumbukumbu zilizo hatarini. Ndiyo maana mwanafunzi wa Bunia, siku mtandao ukikubali, anaweza kutazama kwenye simu ukingo wa karatasi uliojaa maelezo ya mwandiko mdogo. Nimezipenda kingo hizo kuliko maandishi ya katikati. Humo wasomaji wameeleza neno gumu, wamesahihisha, wameweka alama. Kitabu chenye ukingo ulioandikwa ni kitabu kilichosomwa.

Sasa kwa nini ninamwandika mtu wa kisiwani katika jarida letu? Sababu ya kwanza ni ya kilugha. Kiswahili kilifika Ituri katika miaka ya 1880 kwa misafara ya Manyema, watu wa Tippu Tip. Stanley alipopita katika msitu wa Ituri kati ya 1887 na 1889 alikuta vituo vyao. Baadaye dhahabu ya Kilo, iliyogunduliwa mwaka 1903, ikakusanya vibarua wa makabila mengi waliohitaji lugha moja. Wazungu waliita Kiswahili cha Kongo Kingwana. Jina hilo limetoka katika neno lilelile la Mkomani. Lakini wangwana wa misafara hawakuwa mabwana wa nyumba za mawe. Wengi walikuwa wapagazi, askari na wategemezi, watu waliozaliwa utumwani au waliotekwa njiani, ambao kwa kuvaa kanzu na kusema Kiswahili walijitangaza kuwa watu huru. Neno ambalo Lamu lilifunga mlango, bara likawa ufunguo. Habib Saleh hakufika Kongo na wala sidai kwamba alituathiri. Nasema tu kwamba yeye na wapagazi wale, bila kujuana, walilivuta neno moja kuelekea upande mmoja.

Sababu ya pili iko karibu zaidi. Katika mtaa wetu wa Bigo tuko vijana na wazee wachache tunaokusanya vitabu vya elimu ya ndani: masufi, watawa wa Kikristo wa jangwani, maandishi juu ya hekima ya mababu wa hapa Ituri, tafsiri za vitabu vya India. Tumepata chumba kimoja, na rafu ni mbao za mtumba. Majirani wengine wanasema ni vitabu vya maji, yaani uchawi, kama Kifaransa kinavyosema. Siwalaumu. Chumba kilichofungwa, chenye watu wanaonong'ona juu ya mambo yasiyoonekana, katika mji uliopata mateso kama huu, lazima kizue hofu. Kundi letu limegawanyika juu ya dawa ya hofu hiyo. Wengine wanataka kadi ya uanachama, ada ya franka elfu tano kwa mwezi, na orodha ya vitabu ambavyo havitolewi mpaka mtu athibitishwe. Wanasema elimu ya siri ikitupwa barabarani itakanyagwa. Wako katika mstari wa heshima, mstari wa Mkomani, na hoja yao si ya kijinga.

Lakini nani angeingia? Bigo si mtaa wa matajiri, na tangu 2017 Bunia imepokea maelfu ya watu waliokimbia vita vya Djugu. Mama anayepanga chumba na watoto sita hatatoa elfu tano kwa ajili ya nyiradi. Tutabaki sisi tisa, tukisomeana.

Habib Saleh hakuacha tahadhari. Katika njia yake mwanafunzi alikuwa na mwalimu, nyiradi zilipokewa kwa idhini, na kitabu kigumu kilisomwa katika darsa, mwalimu akisoma kwa sauti na kukieleza kwa Kiswahili mstari kwa mstari. Alichokiondoa ni sharti la ukoo na la mali. Aliweka mwalimu mahali ambapo wengine waliweka kufuli. Darsa ya sauti, mlango ukiwa wazi, ina faida nyingine ambayo wenzangu hawajaipima: jirani anayepita anasikia kinachosomwa. Akisikia mara tatu maneno juu ya kuacha hasira na kumkumbuka Mungu, itamwia vigumu kusema ni uchawi.

Habib Saleh alifariki Lamu mwaka 1935. Mwanawe Ahmad Badawi alishika uongozi wa Riyadha baada yake, na wajukuu wakafuata, jambo ambalo lina kejeli yake, kwa kuwa nyumba iliyovunja ukiritimba wa koo nayo ikawa na ukoo. Wanafunzi walitoka nchi mbalimbali za Afrika Mashariki wakarudi kwao kufundisha. Kila mwaka katika Mfungo Sita wageni hujaa Lamu kwa maulidi yake, na wangwana wa Mkomani, ambao babu zao walinuna, wako miongoni mwa wenyeji wanaowapokea.

Kikao chetu ni Jumamosi hii. Nitapendekeza ada ifutwe, somo la sauti liwe kila Jumatano alasiri baada ya watu kurudi sokoni, na kila kitabu kiandikwe ndani ya jalada, kwa Kiswahili, kwamba ni cha wasomaji wa Bigo na hakiuzwi. Kalamu ninayo. Vitabu kwa sasa ni sitini na viwili.