TAFAKURI YA RAMADHANI, SIKU YA 17: Umejuaje? Maisha ya al-Razi

Mwenyezi Mungu aipokee swaumu yako.

Leo nakuletea maisha ya Abu Bakr Muhammad bin Zakariya al-Razi. Alizaliwa yapata mwaka 865 katika mji wa Rayy, karibu na Tehran ya leo, nchini Iran. Ndiyo maana akaitwa al-Razi, yaani mtu wa Rayy. Alifariki yapata mwaka 925. Dunia inamkumbuka kama tabibu aliyesimamia hospitali Rayy na Baghdad, lakini kabla ya kushika tiba alikuwa mtu wa kemia.

Kemia ya zama zile ilijaa mafumbo. Wengi waliandika kwa lugha ya kuficha, wakitafuta namna ya kugeuza madini duni yawe dhahabu. Al-Razi naye aliamini jambo hilo linawezekana, na hapo hakupatia. Lakini tazama alivyofanya kazi. Katika Kitab al-Asrar, Kitabu cha Siri, alipanga mambo kama mwalimu: vitu vyenyewe, vyombo vya kazi, kisha hatua za kufuata. Vitu akavigawa mafungu makuu: vya wanyama, vya mimea na vya madini. Ndani ya madini akatenga vile vinavyoruka vikipata moto, kama zebaki na kiberiti, na vile vinavyoyeyuka lakini vinabaki, kama dhahabu, fedha, shaba, chuma, bati na risasi. (Kiberiti hapa ni salfa, lile jiwe la manjano. Njiti zetu za kuwashia zimechukua jina kwake.)

Umeona? Hakutosheka na jina la kitu. Alitazama kitu kinafanya nini kikitiwa motoni.

Hata wewe unaweza kujaribu jikoni. Tia chumvi kidogo kwenye maji, funika sufuria, chemsha kwa moto mdogo. Kabla hujafunua, sema unachodhani: matone ya kwenye mfuniko yatakuwa na chumvi au hayana? Dhana hiyo wanasayansi wanaiita nadharia tete. Kisha onja, lakini baada ya adhana ya magharibi jamani! Utakuta maji yamepanda kama mvuke na kurudi kuwa matone, na chumvi imebaki chini. Huko ndiko kukeneka, kazi aliyoieleza al-Razi pamoja na vyombo vyake. Dhana yako ikienda kinyume na matone, unaacha dhana, huyalaumu matone.

Tabia hiyo aliingia nayo hospitalini. Matabibu wa wakati wake walitoa damu kwa wagonjwa wenye dalili za homa ya uti wa mgongo: kichwa na shingo kuuma, kukimbia mwanga, kukosa usingizi. Al-Razi akaandika kwamba kundi moja alilitoa damu, na kundi jingine aliliacha makusudi bila kulitoa, ili aone tofauti. Leo ugonjwa huo unatibiwa kwa dawa nyingine kabisa, na majaribio yana masharti makali zaidi ya kumlinda mgonjwa. Lakini shika swali lake, maana bado ni msingi wa utafiti: asiyetumia dawa hii amekuwaje? Mtu akipona mafua baada ya kunywa kitu fulani, huwezi kujua ni kile kitu au mafua yameisha yenyewe, mpaka umtazame na yule ambaye hakunywa.

Aliandika kitabu cha kutofautisha ndui na surua kwa dalili zake. Akaandika kingine cha kumhoji Galen, tabibu Mgiriki ambaye matabibu walimfuata kwa karne nyingi. Alimheshimu kama mwalimu wake, lakini aliyoyaona kwa wagonjwa yalipopingana na kitabu, aliyasema. Na katika daftari zake, zilizokusanywa baada ya kufa kwake zikawa kitabu kikubwa cha al-Hawi, aliwanukuu waliomtangulia kwa majina yao, kisha maoni yake mwenyewe akayawekea alama ya neno moja la Kiarabu, li, yaani hili ni langu. Alilopokea na aliloliona mwenyewe hakuyachanganya.

Uzeeni alipofuka macho. Zaidi ya miaka mia baadaye al-Biruni aliorodhesha kazi zake, zikafika 184.

Kuna kisa mashuhuri kwamba alitundika vipande vya nyama sehemu mbalimbali za Baghdad, na pale nyama ilipochelewa kuoza ndipo ikajengwa hospitali ya Adudi. Kisa kitamu. Lakini hospitali hiyo ilifunguliwa karibu mwaka 981, yeye akiwa kaburini zaidi ya miaka 50. Huenda ilikuwa hospitali nyingine, huenda ni hadithi tu. Basi hata sifa za al-Razi zinapimwa kwa kipimo cha al-Razi.

Niseme pia: zipo kauli za falsafa kuhusu utume zinazonasibishwa naye, na wanazuoni walizipinga vikali. Itikadi hatuichukui kwake. Tunachukua adabu ya kuhakikisha, na hiyo tumeamrishwa katika Suratul Hujurat aya ya 6: habari ikikujia, ichunguze usije ukawadhuru watu kwa kutojua. Na Mtume (s.a.w.) ametuonya kwamba kusimulia kila unachosikia kunamtosha mtu kuwa mwongo.

Sasa rudi kwenye simu yako. Ramadhani hii umetumiwa mara ngapi ujumbe wa dawa inayomaliza kisukari kwa siku saba? Unaisambaza kwa nia njema, unasema ni sadaka. Upande wa pili yupo mzee anayekuamini kwa sababu mnaswali safu moja. Anaacha vidonge au sindano yake, anaendelea kufunga, na siku ya tatu anabebwa mikononi. Nia yako ilikuwa njema, lakini hukuuliza: umejuaje? Nani alijaribu? Walinganishwa na nani?

Kazi ya leo ni nyepesi. Usisambaze ujumbe wowote wa tiba mpaka umuulize daktari au mfamasia. Na ukiwa na mgonjwa nyumbani, mwambie asibadilishe dawa, na kufunga kwake akushauriane na daktari wake. Sheria imemwekea ruhusa.

Ewe Mola, tuonyeshe haki tuione kuwa ni haki, utujaalie kuifuata, na utulinde tusiwadhuru ndugu zetu kwa ndimi na vidole vyetu. Aamin.

Futari njema. Tukutane tarawehe inshaallah.