Nikolai Vavilov na Chimbuko la Mazao

Mara nyingi tufundishapo habari za mimea, huwaambia watoto kuwa ngano, mtama na mahindi ni mazao ya chakula, tukaishia hapo. Hatuwaelezi kwamba mazao hayo hayakuwa hivyo tangu asili, bali yalibadilika mikononi mwa wakulima kwa maelfu ya miaka. Maisha ya Nikolai Vavilov, bingwa wa elimu ya mimea wa Urusi, yatatusaidia kulijaza pengo hilo.

Vavilov alizaliwa Moscow mwaka 1887, akasomea kilimo mjini humo. Mwaka 1916 alisafiri Iran na katika milima ya Pamir. Huko aliona rai, nafaka ifananayo na ngano, ikiota kama gugu katika mashamba ya ngano. Kadiri alivyopanda mlimani ndivyo rai ilivyozidi, hata akafikia mashamba yenye rai tupu.

Sababu yake ni hii. Suke la rai ya mwituni likiiva hupukutika, punje zikaanguka chini. Miche michache isiyopukutisha punje ilivunwa pamoja na ngano, ikawekwa ghalani, kisha mbegu zake zikapandwa msimu uliofuata. Hivyo mkulima aliichagua mwaka hata mwaka pasipo kukusudia. Penye baridi kali ngano ilidhoofika, rai ikastahimili; gugu likawa chakula.

Tangu hapo Vavilov alitafuta chimbuko la kila zao. Alizuru Afghanistan mwaka 1924 na Ethiopia mwaka 1927, na baadaye nchi za Amerika. Katika kitabu chake cha mwaka 1926 alieleza kwamba mahali penye aina nyingi za zao ndipo lilipoanzia. Utafiti wa baadaye umeonyesha kuwa sivyo kila mara: Ethiopia ina aina nyingi za ngano, lakini ngano ilianzia Mashariki ya Kati. Hata hivyo, kazi yake ilifungua njia. Kufikia mwaka 1940, chuo alichokiongoza huko Leningrad kilikuwa na sampuli za mbegu zipatazo 250,000.

Wakati huo Trofim Lysenko, aliyependelewa na serikali ya Stalin, alidai kuwa mmea ukibadilishiwa mazingira hugeuka upesi na kurithisha mageuzi hayo. Vavilov alikataa kuyakubali yasiyothibitishwa. Alikamatwa mwaka 1940, akahukumiwa kifo, kisha adhabu ikageuzwa kuwa kifungo. Mwaka 1943 alikufa gerezani Saratov kwa njaa na maradhi. Leningrad nayo ilipozingirwa na majeshi ya Ujerumani, wenzake walizilinda mbegu zile. Baadhi yao walikufa kwa njaa, nao wamezungukwa na nafaka. Mwaka 1955 mahakama ilimtakasa Vavilov na hatia.

Tufanyeje darasani? Watoto na walete suke lililokomaa la mtama, pamoja na masuke ya majani ya porini yaliyoiva. Wayakung'ute yote juu ya karatasi, wahesabu punje zinazoanguka, kisha waulizwe ni zipi ambazo mkulima angeweza kuzifikisha nyumbani. Mwalimu asitoe jibu kabla watoto hawajahesabu. Vavilov alishikilia yale aliyoyaona shambani, na tabia hiyo hujengwa kuanzia shule ya msingi.