Sébastien Érard: fundi aliyebadilisha piano, kisha nyumba yake ikakataa mabadiliko

Kila piano kubwa inayopigwa leo katika kumbi za muziki ina ndani yake ufundi uliotokana na kazi ya Mfaransa Sébastien Érard, aliyefariki mwaka 1831. Katika maisha yake yote alipambana na watu waliotaka kazi ifanywe kama zamani. Baada ya kifo chake, nyumba aliyoiacha ilikuja kung'ang'ania ya zamani.

Érard alizaliwa tarehe 5 mwezi wa nne 1752 mjini Strasbourg, mashariki mwa Ufaransa. Baba yake alikuwa fundi wa samani. Kijana huyo alifika Paris akiwa na umri wa miaka 16 hivi na kujifunza kazi kwa mafundi wa vinanda. Mwaka 1777 alitengeneza piano yake ya kwanza katika nyumba ya mke wa mtawala wa Villeroy. Wakati huo matajiri wengi wa Paris waliagiza piano zao kutoka Uingereza.

Wateja walipoongezeka, maadui pia waliongezeka. Sheria ya zamani ilitaka kila fundi awe mwanachama wa chama cha kazi yake, na Érard hakuwa mwanachama. Mafundi wenzake walimshitaki. Mwaka 1785 Mfalme Louis wa 16 alimpa kibali cha kutengeneza piano bila kujiunga na chama hicho.

Mapinduzi yalipozuka, urafiki na jumba la mfalme uligeuka hatari. Mwaka 1792 Érard alikuwa London, ambako alifungua karakana nyingine. Ndugu yake Jean-Baptiste alibaki akiendesha ile ya Paris.

Mwaka 1803 piano ya Érard ilimfikia Beethoven huko Vienna. Mwanzoni aliifurahia, kisha akaona vibao vyake ni vizito kwa vidole vilivyozoea piano nyepesi za mji huo. Mafundi wa Vienna waliifungua na kuirekebisha.

Kulikuwa na tatizo moja gumu. Mpigaji akibonyeza kibao, nyundo ndogo inarushwa na kugonga nyuzi, kisha inaanguka. Katika piano za wakati ule, kibao kilipaswa kupanda hadi juu kabisa kabla ya nyundo kuweza kurushwa tena. Kurudia sauti moja kwa haraka kulikuwa kazi ngumu.

Érard alitafuta dawa yake kwa miaka mingi. Katika ufundi wake mpya, nyundo ikianguka inadakwa njiani, karibu na nyuzi. Hivyo kibao kikipanda kidogo tu, tayari kinaweza kugonga tena. Mpwa wake Pierre aliandikisha uvumbuzi huo London mwaka 1821. Ulikuwa na vipande vingi na uliongeza kazi ya fundi, na watengenezaji wengi wa Vienna waliendelea na mtindo wao mwepesi kwa miaka mingi. Lakini mwaka 1824 mtoto Franz Liszt, mwenye umri wa miaka 12, alipiga piano hiyo mpya mbele ya watu, nao wakasikia wenyewe kasi yake.

Érard alifariki tarehe 5 mwezi wa nane 1831 huko Passy, karibu na Paris. Kinubi chenye kanyagio za hatua mbili, alichokiandikisha mwaka 1810, bado ni msingi wa vinubi vya okestra hadi leo.

Nyumba yake ilibaki na jina kubwa. Hata hivyo, huko Marekani kampuni ya Steinway iliandikisha mwaka 1859 piano kubwa ambayo nyuzi zake nzito zinapita juu ya nyingine, zikishikwa na fremu moja ya chuma. Sauti yake ilijaza ukumbi. Katika maonyesho ya Paris ya mwaka 1867, medali za dhahabu zilikwenda kwa Wamarekani Steinway na Chickering. Nyumba ya Érard iliendelea kwa miaka mingi kunyoosha nyuzi sambamba, kwa kuwa wapenzi wake waliona sauti hiyo ni safi zaidi. Soko lilichagua nguvu.

Mwaka 1960 Érard iliungana na Gaveau, na punde Pleyel nayo ikaingia. Jina likafifia. Lakini piano za Steinway, zilizoishinda nyumba yake, bado zinarusha nyundo zao kwa njia iliyotokana na uvumbuzi wa fundi yule wa Strasbourg.